Harufu Isiyojulikana Angani: Dakika 21 za Swissair 111

Saa 4:10 usiku, Septemba 2, 1998, ndege ya Swissair namba 111, aina ya MD-11, ilikuwa futi 33,000 angani karibu na pwani ya Kanada, ikitoka New York kwenda Geneva na watu 229. Marubani wakanusa harufu wasiyoielewa. Mhudumu akaitwa. Akasema humo chumbani mwao anaisikia, lakini kwa abiria hakuisikia. Wakadhani inatoka kwenye kiyoyozi.

Dakika nne baadaye moshi ulikuwa umeonekana, nao wakatoa wito wa dharura wa daraja la pili, “Pan Pan”. Walitaja Boston, mwongoza ndege akawapa Halifax, maili 66 tu. Wakavaa barakoa za oksijeni na kuanza kushuka. Zilipobaki maili 30, ndege bado ilikuwa juu mno na nzito mno kutua, hivyo wakageukia kusini, kuelekea baharini, wapunguze kimo na kumwaga mafuta.

Wakati huohuo waliifuata orodha ya hatua za moshi usiojulikana chanzo. Kazi yake ni kubahatisha kwa utaratibu: zima umeme wa sehemu moja, subiri, nusa tena, nenda sehemu nyingine. Kuimaliza kungeweza kuchukua dakika 20 hadi 30. Agizo la kutua kwenye uwanja wa karibu liliwekwa mwishoni kabisa.

Saa 4:24 mtambo wa kujiendesha ulikatika, wakatangaza hali ya hatari. Saa 4:25 visanduku vyeusi vikaacha kurekodi. Saa 4:31 ndege ikaanguka baharini karibu na Peggy's Cove, Nova Scotia. Hakuna aliyepona.

Bodi ya Usalama wa Usafiri ya Kanada ilichunguza kwa zaidi ya miaka minne. Ripoti yake ya 2003 ilieleza kwamba cheche za waya ziliwasha moto juu ya dari, mahali pasipo na kitambua moshi wala kizima moto. Waya mmoja wenye alama za cheche ulikuwa wa mfumo wa burudani za abiria. Moto ukalishwa na mablanketi ya kuzuia joto na kelele, yaliyofunikwa kwa plastiki iliyopakwa metali. Hata kuzima umeme wa kabini, hatua iliyoagizwa na orodha, kulisimamisha feni za hewa. Moto ukavutwa kuelekea kwa marubani.

Je, kama wangekimbilia Halifax moja kwa moja? Bodi ilikokotoa, ikaona wasingewahi kutua salama. Kuwalaumu marubani, basi, ni kukosa shabaha. Walifanya walichofundishwa, na mafunzo ya wakati ule yaliichukulia harufu kama hitilafu ya kutafutwa kwa utulivu.

Hesabu za Bodi zinapinga mtazamo huo. Katika mioto 15 ya angani kati ya 1967 na 1998, muda kutoka dalili ya kwanza hadi ndege kuanguka au kulazimika kutua ulikuwa dakika 5 hadi 35. Orodha ya dakika 30 haiwezi kushindana na moto wa namna hiyo.

Mwaka 2005 taasisi ya usalama wa anga, Flight Safety Foundation, ilichapisha kiolezo kipya cha orodha za moshi, moto na mvuke. Hatua yake ya kwanza inamkumbusha rubani kwamba huenda akalazimika kubadili safari na kutua.