Mafundi wa Jibini wa Milima ya Masisi

Barabara ya Goma, mashariki mwa Kongo, hufika Sake ikiambaa na Ziwa Kivu. Kutoka Sake ndipo Masisi inapoanza: mpando, kona juu ya kona, tope zito wakati wa mvua, na huko juu Mushaki, mji wa soko uliokaa mgongoni mwa mlima. Siku ya soko watu hushuka kutoka vilima vya jirani na viazi, maharagwe, kabeji na mbuzi, na chukudu, zile skuta za mbao, huteremka zimesheheni kuelekea Sake. Lakini bidhaa iliyoipa milima hii sifa hadi Kinshasa haipigiwi kelele. Ni jibini: la mviringo, ganda la manjano, zito mkononi, laini kwa kisu. Ladha yake iko katika ukoo wa Gouda ya Uholanzi, ila harufu ni ya majani ya Masisi.

Sababu ya kuwapo kwake ni barabara hiyohiyo. Maziwa mabichi hayana subira. Yakikamuliwa alfajiri, lori likanasa topeni, jioni yameshachachuka, na jasho la mfugaji limekwenda bure. Kuyageuza jibini ni kuyapa umri. Lita kumi hivi hutoa kilo moja, na kilo hiyo yaweza kungoja lori wiki nzima bila kuharibika. Mlima nao husaidia. Kwenye mwinuko wa mita 2,000 hivi usiku una baridi ya kutosha, kwa hiyo chumba chenye kuta nzuri hufanya kazi ya friji bila umeme.

Kazi huanza kwa pua. Bidoni za maziwa hufika asubuhi, nyingine kichwani, nyingine kwenye pikipiki, na fundi hufungua kila moja akainusa, kisha akaonja. Maziwa yaliyotiwa maji, au ya ng'ombe mgonjwa, au yaliyolala kwenye chombo kichafu, hurudishwa hapohapo, maana bidoni moja mbaya huharibu sufuria nzima. Yaliyopita huchujwa kwa kitambaa, yakawekwa juu ya moto wa kuni hadi yarudi kwenye uvuguvugu yaliokuwa nao yakitoka kiweleni. Wapo wenye kipimajoto. Wengi hutumbukiza kiwiko, na kiwiko kilichofanya kazi hiyo miaka mingi hakidanganyi.

Hapo hutiwa dawa ya kugandisha, kidogo sana, ikakorogwa, na sufuria ikafunikwa. Sasa kazi ni kutofanya kitu. Mgeni akiingia wakati huo atadhani watu wamepumzika, kumbe huu ndio wakati mgumu kuliko wote. Baada ya nusu saa au zaidi, fundi hunawa, akachomeka kidole kwenye maziwa na kukiinua polepole. Uso ukipasuka mstari mmoja safi, na maji yanayojitokeza kwenye ufa yakawa maangavu yenye ukijanikijani, saa imefika. Maji yakiwa bado meupe, hufunika tena bila neno. Akikata mapema, mafuta yatakimbia na maji, na jibini litatoka kavu lisilo na utamu. Akichelewa, bonge litashikilia maji ndani, na wiki mbili baadaye litaanza kuchacha na kuvimba. Uamuzi huo wote umo katika kidole.

Maziwa yaliyoganda hukatwa kwa kisu kirefu, kwa marefu na mapana, hadi yawe punje za ukubwa wa mahindi. Hukorogwa taratibu, kwani punje hizo bado changa na mkono wa pupa huzisaga. Kadiri zinavyopata joto ndivyo zinavyotoa maji na kukaza. Fundi huokota chache, akazifumbata, akafungua kiganja: zikishikana kisha zikaachana kwa kuguswa tu, zimeiva. Huwekwa kwenye kalibu zilizotandikwa kitambaa na kukandamizwa kwa uzito. Maji yaliyobaki hunyweshwa ndama na nguruwe, hakuna kinachotupwa.

Kutoka kwenye kalibu, jibini huogeshwa maji ya chumvi, kisha hupanda kwenye mbao. Huko hukaa wiki mbili, tatu, hata mwezi, na kila siku lazima ligeuzwe na kupanguswa, moja baada ya moja. Lisilogeuzwa hujaa unyevu upande mmoja na kushika ukungu usiotakiwa. Hakuna mashine ya kumsaidia mtu hapa, na hakuna Jumapili. Ganda lile la manjano ambalo mnunuzi huliona sekunde moja tu ni hesabu ya asubuhi zote hizo.

Ufundi huu haukuzaliwa Masisi. Wafugaji wa milima hii walikuwa na maziwa yao ya mgando na samli yao. Jibini lilikuja na Wabelgiji, mapadre wakiwamo. Enzi za ukoloni ziliibadili ardhi yenyewe. Msitu ulifyekwa, mashamba ya walowezi yakapandwa, na kati ya 1937 na 1955 serikali ya kikoloni ilileta maelfu kwa maelfu ya watu kutoka Rwanda kuja kufanya kazi na kukaa Masisi. Rais Mobutu alipotaifisha mali za wageni mwaka 1973, mashamba mengi yaliangukia mikononi mwa Wazaire wachache wenye uwezo, na mengi yakawa malisho. Ng'ombe wa kizungu, Friesian na wenzao, walichanganywa na wa kienyeji, maziwa yakaongezeka, na vijana walioajiriwa kuosha vyombo wakawa mafundi kwa kutazama. Lakini malisho yaleyale yaliwabana wakulima wasio na ardhi, na uchungu huo uliingia katika vita. Anayelisifu jibini hili bila kuyasema hayo analipunja.

Machi 1993 mauaji yalianza katika soko la Ntoto, upande wa Walikale, yakaenea Masisi. Mwaka uliofuata vita vya Rwanda vilimwaga watu na silaha Kivu, na makundi ya ng'ombe yaliporwa na kuchinjwa hadi vilima vikabaki majani matupu. Mifugo ilirudishwa kidogokidogo, na kwa kila ng'ombe aliyerudi alikuwapo mtu aliyekumbuka kiwiko na kidole. Kundi la waasi la M23 liliiteka Mushaki Februari 2023, likaitwaa tena Desemba mwaka huohuo. Januari 2025 ziliangukia mikononi mwake Masisi mjini, Sake na Goma, na uwanja wa ndege wa Goma, uliokuwa mlango wa jibini kwenda Kinshasa, ukafungwa. Kwenye barabara, kila kizuizi chenye mtu mwenye bunduki hukata kipande chake.

Jirani na Mushaki iko Rubaya, ambako hutoka takriban asilimia 15 ya koltani ya dunia. Ukishuka magharibi, baridi ikiisha na msitu ukianza, unafika Walikale yenye kasiteriti ya Bisie, madini ya bati ambayo zamani yalisombwa na ndege ndogo zilizotua juu ya barabara ya Kilambo. Mali hizo zote huondoka ghafi, na thamani yake huongezwa mbali. Jibini huondoka Masisi likiwa limekamilika, thamani yote imeingizwa na mikono ya hapahapa, na mwakani majani yataota tena. Kwa hesabu hiyo, fundi wa jibini ameijengea nchi kitu ambacho mgodi haujakijenga.

Basi wewe unayekula jibini hili Goma, Bukavu au Kinshasa, uliza limetoka kilima gani, na usimkabe muuzaji kwa bei. Na wenye mamlaka, wowote wale, waondoe vizuizi barabarani, wawaache ng'ombe wa watu wale kwa amani, na wawaite mafundi hawa katika shule za kilimo na mifugo wafundishe wakiwa bado hai. Ng'ombe aliyeporwa hununuliwa mwingine. Fundi akifa hajafundisha, hakuna soko la kumnunua wa pili.