Kazi mpya katika kuta za zamani: Dispensari ya Zamani, Ngome ya Lamu na majirani zao

Dispensari ya Zamani, iliyoko Mizingani katika Mji Mkongwe wa Unguja, ilijengwa kati ya 1887 na 1894 kwa fedha za Tharia Topan, mfanyabiashara wa Kiismailia mwenye asili ya India. Topan alikusudia iwe hospitali ya maskini, na ujenzi ukaanza katika mwaka wa jubilei ya miaka 50 ya Malkia Victoria. Alifariki kabla kazi haijakamilika. Mwaka 1900 jengo lilinunuliwa na wakfu wa Haji Nasser Nur Mohammed. Chini pakawa na dispensari, jina lililolibakia hadi leo, na juu pakagawanywa kuwa nyumba za kupanga. Baada ya Mapinduzi ya 1964 likawa mali ya serikali, dispensari ikakoma, na jengo likaanza kuoza. Mwaka 1990 lilikodishwa kwa Mfuko wa Utamaduni wa Aga Khan, na katikati ya muongo huo likakarabatiwa kuwa kituo cha utamaduni, chenye ofisi, maduka na nafasi za maonyesho kuzunguka ua wa ndani. Roshani zake za mbao zenye nakshi na vioo vya rangi ndizo wapita njia husimama kuzipiga picha. Lakini ugumu wa kazi ulikuwa nyuma ya roshani hizo, ndani ya kuta na chini ya sakafu.

Majumba mengi ya Mji Mkongwe, sawa na yale ya Lamu na Mombasa ya kale, yamejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyochimbwa nchi kavu, yakashikanishwa kwa mchanganyiko wa chokaa, mchanga na udongo mwekundu. Ukuta huwa na unene wa nusu mita au zaidi, na unene huo humdanganya mtazamaji. Nyuso zake mbili zimepangwa vizuri, ilhali katikati ni vipande vya mawe vilivyojaziwa mchanganyiko dhaifu. Ukuta wa namna hii hubeba uzito mkubwa unaoshuka wima, lakini haustahimili kusukumwa kutoka ubavuni. Kinachouzuia usiiname ni sakafu za orofa. Boriti za mikoko hupangwa karibukaribu kutoka ukuta hadi ukuta, juu yake huwekwa mawe madogo na chokaa, kisha sakafu hupigiliwa mpaka ishikamane. Boriti hubeba watu na wakati huohuo hufunga kuta mbili zisiachane. Na kwa kuwa mti wa mkoko haupatikani ukiwa mrefu na mnyoofu kupita kiasi, vyumba vya majumba haya ni vyembamba, kwa kawaida mita mbili na nusu hadi tatu upana, hata kama urefu wake ni mkubwa. Kipimo hicho kimoja kinaamua mengi katika kila mpango wa kuligeuza jengo.

Uharibifu nao una mpangilio wake, na karibu kila mara huanza na maji. Mabati ya paa yakitoboka, au mlizamu ukiziba majani, mvua ya masika huingia juu ya ukuta na kushuka ndani yake. Udongo ulio kwenye mchanganyiko hulainika na kuoshwa taratibu, ukaacha mashimo katikati ya ukuta. Nyuso mbili zikikosa kitu cha kuzishika huachana, na ukuta hufura. Ncha za boriti zilizozama ukutani ndizo huoza kwanza, kwa sababu hapo unyevu hauna pa kutokea. Boriti inaweza kuonekana nzima kabisa chumbani huku ncha yake imekuwa unga. Ncha zikishaoza, kuta hazijafungwa tena, na ule wa nje huanza kuinamia barabarani. Mbegu za miti zinazoletwa na ndege huota kwenye nyufa, mizizi ikazipanua zaidi. Ndiyo maana nyumba iliyohamwa haiharibiki kwa mwendo uleule siku zote: kwa miaka mingi huchakaa polepole, kisha msimu mmoja wa mvua kubwa huangusha upande mzima.

Maji hutoka chini pia. Ardhi ya ukingo wa bahari ina chumvi, na unyevu wake hupanda ukutani. Lipu ya chokaa ina vitundu vidogo vinavyouruhusu unyevu huo kutoka na kukauka hewani. Lipu ya saruji haina nafasi hiyo. Mwenye nyumba anapoona lipu ya chini imechunika, akaita fundi aipake saruji, unyevu hukosa njia na hupanda juu zaidi kutafuta pa kutokea. Chumvi huganda nyuma ya saruji, ikavimba, na baada ya miaka michache lipu ile ngumu huanguka ikiwa imebandukana na uso wa jiwe. Ukarabati wa aina hii umefanywa kwa nia njema katika nyumba nyingi mno za mwambao, na madhara yake kwa majumba haya ni makubwa kuliko ya upepo wa bahari.

Kwa hiyo ukarabati unaofaa hufuata utaratibu usioweza kupinduliwa. Kwanza jengo huegemezwa kwa miti na mbao lisianguke likiwa kazini. Kisha paa na milizamu hutengenezwa, kwa sababu kukarabati chumba ambacho bado kinavujiwa ni kutupa fedha. Baada ya hapo ukuta huachwa ukauke, jambo linaloweza kuchukua miezi, na ambalo wafadhili wengi hawana subira nalo. Ndipo kuta zinaposhughulikiwa, halafu sakafu, halafu lipu, na mwisho kabisa mbao za milango, madirisha na nakshi, ambazo kwa bahati mbaya ndizo umma hutaka kuziona kwanza.

Kazi ya ukutani huanza kwa sikio. Fundi hugonga lipu kwa mpini wa nyundo, shubiri kwa shubiri. Mlio mzito huonyesha kwamba lipu na jiwe vimeshikana. Mlio mtupu huonyesha vimeachana, na hapo huchora alama kwa mkaa. Sehemu zilizochorwa tu ndizo hubanduliwa. Penye ufa, uchafu huondolewa na ufa huoshwa kwa maji, kisha chokaa nyepesi humiminwa kwa kidogokidogo kuanzia chini kwenda juu ili ijaze mashimo yaliyomo ndani ya ukuta. Ukuta uliofura vibaya hufunguliwa kwa vipande vidogo na kujengwa upya kwa mawe yaleyale, huku baadhi ya mawe marefu yakilazwa kukingama unene wa ukuta ili kuunganisha nyuso mbili.

Chokaa yenyewe ni somo la pekee. Mawe ya matumbawe huchomwa juu ya lundo la magogo lililopangwa mviringo, kisha hutiwa maji, yakachemka na kupasuka kuwa unga mweupe. Unga huo hulowekwa shimoni kwa wiki au miezi. Kadiri unavyokaa ndivyo unavyokuwa laini na wenye kunata. Ukipakwa ukutani haugandi upesi kama saruji, bali hurudi kuwa jiwe taratibu kwa kuvuta hewa ya kaboni, na ukikaushwa haraka na jua hupasuka. Mafundi huulinda kwa magunia yaliyoloweshwa, na hupaka tabaka jembamba, sentimita moja hivi, wakisubiri likaze kabla ya kuongeza jingine. Mkandarasi aliyezoea saruji huona huu ni ucheleweshaji. Saruji ilipoenea, mafundi waliojua kazi ya chokaa walipungua sana, na kwa sababu hiyo mradi wa Dispensari ulikuwa shule pia: waashi na maseremala wa Unguja walifundishwa upya kazi ya chokaa na ya nakshi, wakabaki na ujuzi wa kuhudumia majengo mengine. Faida hiyo haikupigwa picha sana, lakini pengine ndiyo iliyodumu kuliko zote.

Boriti hubadilishwa kwa zamu, chache kwa wakati, ili kuta zisikose kufungwa hata siku moja. Ncha ya boriti mpya haizibwi kwa saruji. Huachiwa nafasi ndogo ya hewa na kujaziwa chokaa, isije ikaoza kama iliyotangulia. Pale ambapo ncha tu imeoza, kipande cha mbao ngumu huunganishwa kwenye boriti ya zamani, na ule mti wa karne iliyopita hubaki mahali pake. Mikoko sasa hukatwa kwa udhibiti, kwa hiyo kuiokoa boriti nzima ni jambo la lazima kwa mazingira kama lilivyo la lazima kwa historia.

Baada ya hayo ndipo swali la kazi mpya linapojibika vizuri, ingawa katika miradi mingi huulizwa kabla ya yote. Kosa la kawaida ni kuchagua kazi kwanza, kisha kulilazimisha jengo liikubali. Ukitaka ukumbi wa watu 200 ndani ya nyumba ya vyumba vya mita tatu, utalazimika kubomoa kuta zinazobeba orofa za juu. Ofisi, madarasa ya watu wachache, vyumba vya mazoezi ya muziki, zahanati na karakana za ufundi hutoshea bila kugusa ukuta. Dispensari ilifanikiwa kwa sababu ua wake wa ndani ulibaki ndio njia ya kupitia na mahali pa kukutania, na vyumba vinavyouzunguka vikapewa shughuli zisizodai upana.

Uzito nao hupimwa. Wahandisi hukadiria sakafu ya nyumba ya kuishi kubeba takriban kilo 150 kwa mita mraba, wakati rafu za maktaba zilizosongamana zinaweza kudai mara nne ya hizo. Vitabu basi hukaa chini, au hupangwa kando ya kuta ambako boriti ni imara, si katikati ya chumba cha orofani. Vyoo na jiko huwekwa pamoja upande mmoja, juu kwa chini, ili mabomba yapite mahali pamoja panapofikika kukaguliwa. Bomba lililofichwa ukutani likivuja hufanya kazi ileile ya mlizamu ulioziba. Nyaya za umeme hupitishwa juu ya lipu, hata kama hazipendezi, kuliko kuchimba mitaro ndani ya ukuta wa matumbawe.

Ngome ya Lamu inatoa mfano wa jengo ambalo kazi yake mpya iligeuza kabisa maana yake kwa watu. Ilikamilishwa mnamo 1821 kwa msaada wa Oman, na kuanzia 1910 ilikuwa gereza. Wafungwa waliondolewa mwaka 1984, na ngome ikakabidhiwa Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Ilikarabatiwa kwa msaada wa Sweden, ikawa na maonyesho, maktaba, na nafasi ya mikutano na harusi. Uamuzi wa busara hapo ulikuwa kuuacha ua wazi. Ua uliokuwa wa kuwalinda wafungwa ndio unaokusanya wageni wa harusi, bila ukuta hata mmoja kuvunjwa. Mwanafunzi anayekwenda kusoma maktabani huingia kwa mlango uleule ambao babu yake alikuwa akiuogopa. Kwa mji mdogo kama Lamu, hilo ni badiliko zito kuliko usanifu wowote.

Unguja, Ngome Kongwe ilifuata njia hiyohiyo: kuta za Waomani ziliachwa, na ngazi za kukalia watazamaji zikajengwa uani bila kuegemezwa kwenye kuta. Tamasha la filamu la ZIFF na la muziki la Sauti za Busara yamefanyika humo mwaka baada ya mwaka. Jumba la Forodha ya zamani huko Mizingani lilipokea Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi, ambako vijana wamejifunza udi, ganuni na fidla za taarabu katika vyumba vilivyowatosha mwalimu na wanafunzi wachache.

Beit al-Ajaib ya Unguja inaonyesha upande wa pili. Iliyojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, haikufanana na majirani zake: ilitumia nguzo na vyuma kupata kumbi pana ambazo boriti za mikoko zisingeweza kuzivuka, na vyuma hivyo vikategemea kuta za matumbawe katika hewa ya chumvi. Ilitumika kama ofisi za serikali, baadaye makumbusho ya taifa, na wageni walijaa. Sehemu ya roshani na paa ilianguka mwaka 2012. Tarehe 25 Desemba 2020, ukarabati ukiwa umeanza, sehemu kubwa ya mbele pamoja na mnara wa saa iliporomoka, na watu wawili wakapoteza maisha. Jengo lilikuwa na kazi, lilikuwa na jina, na lilikuwa ndani ya eneo lililoandikishwa na UNESCO kuwa Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000. Vyote hivyo havikuchukua nafasi ya matengenezo ya kila mwaka.

Matengenezo hayo ndiyo sehemu dhaifu ya miradi karibu yote ya mwambao. Mfadhili hulipia ukarabati, huzindua, huondoka. Taasisi ya muziki au maktaba ya mji haina kipato cha kubadilisha mabati, na baada ya miaka 15 mduara wa uharibifu huanza upya kwenye mlizamu uleule. Dispensari ilipewa kinga kwa kuwekewa wapangaji wanaolipa kodi pamoja na shughuli za umma. Mpango huo hulaumiwa kwamba unafanya urithi kuwa biashara, lakini lawama hiyo haina uzito iwapo kodi ya maduka ya chini ndiyo inayolipia paa lililo juu ya ukumbi wa maonyesho. Kinachotakiwa ni kiasi hicho kitengwe kwa maandishi, kisimezwe na mishahara. Mamlaka za hifadhi, mabaraza ya miji na wakfu wanaokodisha majengo haya wanao uwezo wa kulidai hilo leo: mkataba wowote usiotaja nani atapanda juu kukagua paa na kusafisha milizamu kabla ya kila masika, na kwa fedha zipi, usitiwe saini.