Steki Iliyochemka Juu ya Grili

Ribeye niliyoletewa katika mkahawa mmoja wa bei ghali jijini Nairobi ilikuwa nene kama vidole viwili, na nyama yenyewe haikuwa na kosa. Mafuta yalitambaa ndani yake, na kisu kilipita bila kulazimishwa, dalili kwamba ng'ombe alilishwa vizuri na nyama ikalazwa kwenye baridi siku za kutosha vimeng'enya kulainisha misuli. Hiyo ndiyo kazi ya gharama. Zebu anayetembea kutwa akitafuta malisho hatoi steki ya namna hii. Uharibifu ulifanyika jikoni, na sahani ilitosha kuueleza.

Juu ilikuwa ya kijivu, imechorwa mistari michache myeusi ya wavu. Rangi ya kahawia tunayoitafuta, pamoja na harufu yake, hutokana na mmenyuko uliopewa jina la mkemia Mfaransa Louis-Camille Maillard, aliyeueleza mwaka 1912: asidi amino na sukari zinapokutana kwenye joto kali, nyuzi 140 hivi kwenda juu. Maji nayo huchemka kwa nyuzi 100. Maadamu nyama imelowa, moto unashughulika kukausha maji kwanza, na steki inachemka juu ya grili. Nashuku ilitiwa chumvi dakika chache tu kabla ya kupikwa, wakati ambapo chumvi imeshavuta maji nje na bado hayajarudi ndani. Kwa unene ule ingetiwa saa moja kabla, au tangu jana yake. Ulimi uliunga mkono: chumvi juu, ndani chapwa.

Kosa la pili lilizaliwa na la kwanza. Mpishi aliposubiri rangi isiyokuja, joto liliendelea kuzama. Niliomba katikati pabaki pekundu, yaani nyuzi 55 hivi. Nilipokata nikakuta ukanda mpana wa kijivu kila upande na kijistari cha waridi katikati. Dawa yake inajulikana: nyama iive taratibu kwenye oveni ya joto dogo, uso ukauke humohumo, kisha moto mkali uje mwishoni kwa dakika moja au mbili. Mchomaji mzuri wa mbuzi hufanya jambo linalokaribiana sana na hilo anapoweka mbavu mbali na makaa kwa muda mrefu, kisha akazisogeza karibu zipate rangi. Hajawahi kulipisha mtu bei ile.

Mhudumu, kijana mpole, alinieleza kwamba mpishi huanza na moto mkali ili kufungia maji ndani. Imani hiyo ilienezwa na mkemia Mjerumani Justus von Liebig katika karne ya 19, na mizani imeshaikanusha: nyama iliyounguzwa juu hupoteza maji vilevile. Ushahidi ulikuwa mbele yetu, dimbwi jekundu likilowesha viazi. Si damu, ni maji ya misuli yenye mayoglobini, na mengi yangebaki ndani kama steki ingepumzishwa dakika kadhaa kabla ya kuletwa.

Alijitolea kuirudisha jikoni. Nikakataa, kwa sababu moto ungeweza kuiongezea rangi, lakini protini zilizokwisha kukaza hazilegei tena. Nikaomba pilipili.