Waya Shingoni mwa Nzige

Kamba mbili za neva hupita shingoni mwa nzige kutoka kichwani kwenda kifuani, nyeupe, nyembamba kama uzi wa kushonea. Mtafiti, nami napenda zaidi kumwita fundi, huinua mojawapo kwa kijiwaya cha fedha kilichokunjwa kama ndoana. Huinua taratibu mno, maana ikivutika kupita kiasi huchanika na kazi ya asubuhi nzima ikapotea. Pale ilipokalia ndoana huipaka Vaselini, umeme wake mdogo usipotelee kwenye majimaji ya mwili. Waya unaunganishwa na spika. Mbele ya jicho la nzige, duara jeusi linakua kwenye kioo kama kitu kinachomjia kwa kasi. Spika inaanza: ta… ta… tata, kisha mfululizo, kama bisi zinazopasuka sufuriani.

Hiyo ni sauti ya seli moja. Wataalamu huiita DCMD, na iko moja kila upande. Hupokea habari kutoka kwa seli nyingine iliyotandaza matawi yake nyuma ya jicho, ikikusanya ishara kupitia maungio mengi, kisha DCMD huvuka upande wa pili na kuteremka hadi kwenye neva za miguu na mabawa. Kwa kuwa ni nene kuliko jirani zake, mdundo wake husikika juu ya minong'ono yao.

Huko Kingston, Kanada, Meldrum Robertson na wenzake walitaka kujua joto linaifanyia nini seli hiyo. Kazi yao, iliyochapishwa mwaka 2005, ndiyo ninayoihusudu. Walimimina kifuani mwa nzige maji ya chumvi yenye joto linalodhibitiwa, wakaanzia nyuzi 25 na kupanda nyuzi 5 kila hatua, wakipima kila walipofika. Kwa nzige wa kawaida, seli ilizidi kufifia kadiri joto lilivyopanda. Lakini waliokuwa wametangulia kupashwa joto kali lisiloua, seli yao ilipiga kwa kasi zaidi, na umbo la kila mdundo likahimili joto.

Nzige anayeruka katikati ya kundi kwenye jua la mchana hawezi kusubiri kupoe ndipo amkwepe mwenzake. Joto la jana limeshamwandaa kwa la leo.

Na kuna jambo ambalo matokeo yaliyochapishwa hayalionyeshi vya kutosha. Duara likirudiwa harakaharaka, seli huzoea na kupunguza sauti, na hapo hujui tena kama ni joto au ni mazoea. Kwa hiyo baada ya kila jaribio fundi husubiri. Dakika zinapita, pampu inamimina, kipimajoto kinasogea pole. Mkono hauigusi ndoana. Kisha duara linaanza kukua tena.