AX200 au AX201? Soma kibandiko kabla ya kulipa

Laza kadi mbili za Wi-Fi za Intel mezani, AX200 na AX201, uone kama utazitofautisha bila kusoma kibandiko. Zote ni za Wi-Fi 6, zote zina upana wa milimita 22 na urefu wa 30, na zote huingia kwenye nafasi ileile ya M.2. Lakini ya kwanza itawaka karibu kwenye kompyuta yoyote ya mezani yenye nafasi hiyo. Ya pili, ukiipachika kwenye ubao wa AMD, haitaonekana kabisa.

Sababu imo katika mgawanyo wa kazi. AX200 ni kadi kamili: hupokea mawimbi, huchakata data, kisha huzungumza na kompyuta kwa njia ya PCI Express, ambayo AMD na Intel wote wanayo. Kwenye AX201, Intel waliacha redio peke yake katika kadi, uchakataji wakauhamishia ndani ya chipseti zao. Viwili hivyo huwasiliana kwa njia ya Intel wenyewe, CNVio2. Chipseti isiyo na njia hiyo haina nusu ya pili ya kadi, na hakuna draiva ya kuziba pengo hilo. Hata mashine za Intel za miaka ya nyuma hazina CNVio2. Mtego huohuo umo kwa AX210, iliyo kamili, na AX211, iliyo nusu. Muuzaji anayeandika tu “kadi ya Intel Wi-Fi 6” anamnyima mnunuzi habari aliyoihitaji kuliko zote.

Kompyuta nyingi za ofisini zinazouzwa zikiwa zimetumika hazina M.2 ya Wi-Fi. Hapo hununuliwa kadi ya PCIe x1, nayo hukaa vizuri hata kwenye nafasi ndefu ya x4 au x16. Nafasi za PCI za zamani haziipokei. Kama kasha ni jembamba, dai bati fupi la kufungia. Kisha tazama waya mdogo unaokuja na kadi: Wi-Fi hupita PCIe, ila Bluetooth hupita USB, hivyo waya huo lazima upate pini za USB zilizo wazi kwenye ubao. Watu wengi hurudisha kadi nzima kwa kudhani Bluetooth yake ni mbovu.

Antena nazo zinapuuzwa mno. Zikifungwa nyuma ya kasha la chuma, chini ya meza, zinafichwa na kasha lenyewe. Mimi ningechagua Wi-Fi 6 yenye antena za waya zinazowekwa juu ya meza kabla ya kulipia Wi-Fi 6E, ile ya bendi ya GHz 6, maana bendi hiyo inadai ruta yake na, kwa upande wa Windows, toleo la 11. Watumiaji wa Linux wanahitaji kerneli 5.1 kwa AX200, na 5.10 kwa AX210.