Ndege Ameruka, Ndege Imeruka

Msafiri atokaye Morogoro kwenda Dodoma huvuka Mto Wami penye Dakawa, kisha hufika Magole na Dumila. Hapo njia zagawanyika. Moja yashika upande wa Kilosa, na kupita huko hata Mikumi. Nyingine, itokayo Magole, yaelekea Turiani chini ya milima ya Nguru. Ni mahali pa kushuka garini, kunyoosha miguu, kununua kitu na kupanda tena. Ni wasafiri wachache wakumbukao kwamba mwezi wa Agosti 1916 nchi hii ilikuwa uwanja wa vita: kwamba majeshi ya Jenerali Smuts yaliteremka kutoka Nguru yakapigana na Wajerumani penye kivuko cha Dakawa, kwamba Kilosa ilitwaliwa tarehe 22 ya mwezi huo na Morogoro tarehe 26, na kwamba katika safari hiyo majeshi yalikuwa na macho angani. Kikosi cha 26 cha ndege za Uingereza, ambacho wengi wa watu wake walitoka Afrika ya Kusini, kilikuwa kimeshuka Mombasa mwanzoni mwa mwaka huo, na ndege zake zilitangulia mbele kupeleleza na kutupa mabomu.

Dumila, basi, ni mahali pafaapo kusimama mtu atakaye kuzipima sinema za zamani za vita vya angani; maana hapa ni chini ya bawa, na sinema hizo karibu zote zilitungwa kutoka juu yake.

Hamu ya sinema hizo haijafa. Wako watu wazima, Ulaya na hata Afrika ya Mashariki, ambao wakisikia muziki wa matembezi wa Eric Coates uliotumiwa katika The Dam Busters ya 1955 husimamisha mazungumzo yao. Wako wawezao kutaja aina ya ndege kwa ngurumo yake tu, kabla picha haijaionesha. Hamu hii si ya kudharauliwa. Lakini yafaa iulizwe ni hamu ya kitu gani hasa, na Kiswahili kina njia yake ya kuuliza.

Lugha hii ilipokutana na chombo kirukacho haikuridhika na neno la kuazima, eropleni. Ilikipa jina la kiumbe, ikakiita ndege. Jina hilo lilikuwa na uzito wa zamani, kwa kuwa ndege kwa Mswahili si mwenye mabawa tu bali ni fali pia: mtu huweza kuanza safari kwa ndege njema au kwa ndege mbaya. Hata hivyo, lugha iliyotoa jina ilizuia roho. Aliye mtini husemwa ndege ameruka. Iliyo uwanjani husemwa ndege imeruka. Silabi moja yatenga chenye uhai na kisicho uhai, na mtoto wa Kilosa asiyejua sarufi hakosei hapo. Sinema za vita vya angani hukosea hapo kwa kusudi, na katika kosa hilo mna uzuri wao wote. Huichukua ndege iliyoruka wakaifanya ndege aliyeruka. Huipa chombo pumzi, hasira, majeraha na kifo cha heshima.

Tazama Battle of Britain ya Guy Hamilton, ya mwaka 1969. Mna waigizaji wakubwa, Laurence Olivier na Michael Caine miongoni mwao, lakini mtazamaji atokapo haondoki na uso wa mtu. Huondoka na Spitfire ikigeuza tumbo kwenye jua. Ndege za Kijerumani katika picha hiyo zilipatikana Hispania, na zile zilizochezeshwa kama Messerschmitt na Heinkel zilikuwa zimetiwa injini za Merlin zilizotengenezwa na Waingereza wenyewe, kampuni ya Rolls-Royce. Kwa hiyo angani adui na rafiki walinguruma kwa koo moja. Mpenzi wa sinema hiyo husimulia jambo hili kwa kicheko. Kwa mhakiki ni ushahidi. Kinachopendwa si vita vile, wala si taifa moja dhidi ya jingine, bali ni mashine iliyopewa roho.

Na roho hiyo yatoka wapi? Hapa ndipo lawama inapoanza. The Dam Busters, iliyoongozwa na Michael Anderson, ni kazi bora kuliko nyingi za namna yake, nayo haiwasahau wafu wote. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Mei 1943 ndege 19 za Lancaster zilikwenda kuyabomoa mabwawa ya Ujerumani. 8 hazikurudi, na vijana 53 walikufa. Sinema yaeleza hasara hiyo kwa adabu kubwa: vyumba vitupu, meza isiyo na walaji, na Gibson, aliyeigizwa na Richard Todd, akienda zake kuandika barua kwa jamaa za waliokufa. Hakuna tarumbeta. Mwongozaji mdogo angeharibu mwisho huo. Lakini chini ya mabwawa yale walikufa watu wapatao 1,300, na zaidi ya nusu yao walikuwa wafanyakazi wa shuruti na mateka kutoka nchi za kigeni, wengi wao wanawake wa Kiukraine. Sinema iliyojua kuomboleza kwa sahani tupu haina sahani hata moja kwa ajili yao. Atetezi wa sinema hiyo watasema kwamba hadithi haiwezi kubeba wote, na kwamba kikosi cha ndege za mabomu cha Uingereza kilipoteza watu 55,573 katika vita vile, waliostahili makumbusho yao. Ni kweli. Lakini jicho likikaa kwa muda mrefu katika kiti cha rubani huzoea kuona nchi kama ramani, na katika ramani hakuna afaye.

Mfano ulio karibu zaidi ni Shout at the Devil ya Peter Hunt, ya mwaka 1976, iliyotoka katika riwaya ya Wilbur Smith. Hadithi yake ni ya Rufiji. Kisa cha kweli chajulikana: manowari ya Kijerumani Königsberg, baada ya kuizamisha Pegasus hapo Unguja tarehe 20 Septemba 1914, ilijificha katika midomo ya Rufiji, ikatafutwa kwa ndege, Mafia ikatwaliwa na kufanywa kituo cha ndege, na tarehe 11 Julai 1915 manowari mbili ndogo, Severn na Mersey, ziliipiga kwa mizinga huku ndege ikizielekeza. Rubani Cull na mwenzake Arnold walipigwa, na ndege yao ikishuka kuelekea mtoni waliendelea kupeleka ishara za kurekebisha shabaha. Ni vigumu kufikiri kisa kifaacho sinema ya angani kuliko hicho.

Sinema ilikiacha. Meli imebadilishwa jina, ikaitwa Blücher. Picha ilipigwa Malta na Afrika ya Kusini. Ndege imo, lakini meli yaangamizwa kwa bomu lililofichwa ndani yake, na bomu hilo lapelekwa na Roger Moore aliyepakwa weusi ili apite kama mtu wa nchi. Mtumishi wa mwindaji O'Flynn aitwa Mohammed, jina ambalo pwani nzima hulijua. Ameigizwa na Ian Holm, Mwingereza, naye ni bubu. Mtu angetunga kejeli juu ya sinema hizi asingethubutu kwenda mbali namna hiyo: katika hadithi ya Rufiji, mweusi mwenye tendo kubwa ni mzungu aliyepakwa rangi, na Mohammed hana ulimi. Lawama hii si ya rangi peke yake. Ni ya sanaa. Mtunzi aliyeunyima upande mmoja sauti alilazimika kujaza pengo kwa kishindo, na ndiyo maana nusu ya pili ya picha hiyo yachosha.

Waliokuwa chini mwaka 1916 hawakuwa bubu. Walikuwa wapagazi, wenye majina na lugha zao, waliobeba chakula na risasi za majeshi yaliyokuwa yakifuata ndege zile. Vifo vya wapagazi wa upande wa Waingereza vilivyoandikwa rasmi vilizidi 40,000, na wanahistoria wengi huona kwamba hesabu ya kweli yakaribia 100,000. Jina la kikosi chao limebaki Dar es Salaam katika mtaa wa Kariakoo, ambako watu hununua nguo na viazi. Leo Walmsley, aliyekuwa mpelelezi wa angani katika vita hivyo, alitoa kitabu chake mwaka 1920 akakiita Flying and Sport in East Africa: kuruka na kuwinda. Jina hilo halikukusudia ubaya. Laonesha tu jinsi nchi ilivyoonekana kutoka juu.

Fasihi ya Kiswahili ilishika njia nyingine. Shaaban Robert aliposimulia vita vya 1939 hata 1945 katika Utenzi wa Vita vya Uhuru, uliotolewa mwaka 1967 baada ya kufa kwake, alisimulia kama mtu aliyepokea habari, miguu yake ikiwa ardhini. Vivyo hivyo Vita vya Kagera, vilivyokuwa na ndege za jeti pande zote mbili, vilimpa Henry Muhanika utenzi, uliotoka mwaka 1981. Tena vita hivyo vilikuwa na kisa ambacho sinema za marubani zisingejua la kukifanyia: mwezi wa Machi 1979 ndege ya Libya ilitumwa kuipiga Mwanza, mabomu yakaanguka kisiwani Saanane, wakafa swala.

Tena iko sanaa nyingine, isiyoheshimiwa na wasomi. Katika vibanda vya video vya miji ya barabarani sinema za kigeni zimeoneshwa kwa miaka mingi zikiwa na sauti ya mfasiri juu yake. Mashuhuri wa kazi hiyo alikuwa Derek Mukandala, aliyeitwa Lufufu. Mfasiri wa namna hiyo hafuati neno kwa neno; hueleza, hukemea, hutania, na hata ngurumo ya injini hunyamaa anapotaka kusema. Mtu wa kazi hiyo akipewa Shout at the Devil aioneshe Dumila, O'Flynn hatamsumbua. Maneno yake yapo, yatageuzwa. Taabu itakuja kwa Mohammed. Uso wake umejaa pazia, midomo haifunguki, watazamaji wamekaa kimya wakingoja, na mfasiri hana budi kumsemea kwa Kiswahili maneno yasiyokuwamo katika picha.