Ushahidi wa Barazani

Mombasa ya bara, Likoni, Kisauni na Changamwe, ina ufundi usio na karakana wala cheti: ufundi wa kusimulia mtaa. Wenye ufundi huo ni kina mama wa vyama na wazee wanaokumbuka nyumba ipi iliugua lini na nani alimkaribisha nani. Wasomi huuita porojo. Mimi nasema ni ushahidi, tena ndio unaotangulia; karatasi huja baadaye.

Tazama ardhi. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilimtaka kila mwenye dai la ardhi katika ukanda wa pwani aliandikishe, na lisiloandikishwa likahesabiwa kuwa halipo. Waliosikilizwa zaidi ni waliokuwa na hati, Waarabu wengi miongoni mwao. Wamijikenda wengi, waliomiliki kwa ukoo, wakaamka maskwota makwao. Hadi leo kuna familia yenye nyumba lakini haina kiwanja inachokalia, na kila mwezi inamlipa mwenye ardhi. Mtu wa namna hiyo akiulizwa ushahidi, ana nini zaidi ya masimulizi? Fundi hodari haanzi na malalamiko. Huanza na mwembe: nani aliupanda, mwaka wa njaa gani, kaburi la nani liko ubavuni mwake. Kisha hunyamaza kidogo, na jirani akadakia kwamba la, mwembe huo ulikuta kisima kipo. Wanabishana, wanakumbushana majina ya marehemu, mpaka mambo yanakaa sawa. Ubishi huo ndio ufundi wenyewe. Simulizi iliyopita midomoni mwa watu kumi wanaoweza kuikana si uvumi tena.

Nguvu ya simulizi ya namna hiyo ilidhihirika Owino Uhuru, kule Mikindani ya Mombasa. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari kilijengwa kando ya makazi, na vibali kilivipata. Kina mama ndio walioona kwanza: watoto wenye homa zisizoisha, mimba zinazoharibika, mabati yanayoliwa na moshi. Phyllis Omido, aliyekuwa mwajiriwa wa kiwanda hicho, mwanawe alipopatikana na madini ya risasi kwenye damu, alitoka akaungana nao. Kiwanda kilifungwa 2014. Julai 2020 mahakama ya mazingira na ardhi Mombasa iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3, Mahakama ya Rufaa ikaitengua 2023, na Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024. Atasema mtu kwamba kilichoshinda ni vipimo vya damu, si hadithi. Kweli, mahakama haitoi fidia kwa methali. Lakini nani angepeleka sindano Owino Uhuru kama mama wasingelinganisha watoto wao na kugundua kwamba maradhi yale ni mamoja?

Lipo pingamizi zito zaidi. Agosti 1997, Likoni, simulizi hiyohiyo ya ardhi iliyoporwa iligeuzwa panga, na wabara, waliotoka nje ya pwani, wakauawa na kufukuzwa. Sitaki kulipita kimya, maana wanaosifu mila hupenda kulisahau. Ila simulizi ile ilinong'onwa kwa viapo, mbali na masikio ya waliotajwa kuwa adui, na hapakuwa na jirani wa kusema la. Owino Uhuru ni mtaa wenye jina la nusu Kijaluo, na waliosimulia walikuwa wabara na wapwani pamoja. Hapo ndipo ulipo mpaka kati ya ushahidi na uchochezi.

Mpaka huo sasa unafutika kwa uzembe tu. Siku hizi ushuhuda huvunwa kwa fomu: shahidi mmoja, chumba kimoja, posho ya nauli, sahihi, basi. Wanasiasa nao huchukua kipande kinachowafaa na kukitangaza jukwaani. Wazee wanaokumbuka miembe ya Kisauni wanazikwa na majina yote waliyoyahifadhi, na vijana wanapokea kisa cha mtaa wao kwenye simu, kikiwa kimetengenezwa na mtu asiyeujua. Enyi mashirika mnaokuja na kalamu, na nyinyi mawakili: msimhoji mzee peke yake. Mwacheni akae barazani kwake, jirani zake wakae naye, na ubishi wao muuandike wote.